Kifungo cha Tatu

Mkono wa kulia ulianza mzaha wake jikoni,
Novemba ya mwaka juzi, kijiko kikigonga ukingo wa kikombe
kama mgeni anayebisha hodi na hataki kuingia.
Nikasema ni baridi. Bradford ina baridi ya kusingiziwa mengi.

Daktari Hesketh alilitaja jina la ugonjwa polepole,
akanisogezea boksi la tishu.
Sikulia. Nilimuuliza nitashona hadi lini.
Akatazama dirishani, mvua ikichapa paa za magari,
akasema, "Tutaona."
Bwana, hilo "tutaona" nililipakata ndani ya basi
hadi nyumbani, kama mfuko unaovuja.

Unaijua mikono hii. Uliiumba Wewe,
lakini aliyeifunza ni mimi.
Miaka kumi na tisa kiwanda cha mapazia, Shipley,
pindo zilizonyooka kuliko maneno ya watu.
Kwa mikono hii nilisomesha watatu,
kwa mikono hii nilimzika Eliamini
ndani ya suti niliyoipunguza kiuno mwenyewe, usiku,
kwa kuwa saratani ilishampima kabla yangu.

Basi nikafanya biashara na Wewe.
Nikasema: chukua magoti, niachie vidole.
Chukua jicho moja.
Chukua usingizi. Huo ulishauchukua.
Nikafunga siku tatu, uji wa jioni tu,
nikaja mbele zako kama mdai,
risiti zangu zote mezani: zaka, kwaya,
magauni ya kina mama wa kanisa niliyoyashona bila senti.
Ukanyamaza.
Uzi ukapita kushoto kwa tundu la sindano, ukapita kulia,
na mimi, tajiri wa ufundi,
nikawa ngamia.

Jumapili Mchungaji Philippa aliniletea kikombe.
Nilitaka kukishika mwenyewe. Divai ikamwagikia mkono wa joho lake.
Watu wakatazama viatu vyao, Waingereza wana adabu hiyo.
Yeye hakufuta. Aliweka kiganja chake chini ya changu
na kikombe kikatetemeka kwa wote wawili.
Mahali pa amina nilisema, "Samahani."

Leo asubuhi ngazi zimeganda barafu.
Koti ni la Eliamini, sufu nzito, vifungo vya mfupa.
Cha kwanza kiliniruhusu.
Cha pili, baada ya zaburi nzima.
Cha tatu kilikataa.
Nikasimama mlangoni robo saa, nikilia kwa hasira
kama mtoto aliyenyimwa.
Zohaib wa jirani, miaka minane, mkoba mgongoni,
akanitazama juu chini.
"Anti, nikufunge?"

Lugha yangu ina utani mkali:
kifungo ni hiki cha koti
na kifungo ni kile cha jela, neno moja,
na majira yote haya nimeng'ang'ania kimojawapo
bila kujua ni kipi.

Nilishusha mikono.
Ndiyo yote niliyofanya, Bwana. Isiandikwe kuwa ni imani kubwa.
Ilining'inia pembeni, ikitetemeka itakavyo,
na mtoto, ulimi umetokeza kando ya mdomo,
akafunga cha tatu, cha nne,
akakosea cha tano, akarudia.
Kisha akakimbia kuwahi shule, hata asante hakuisubiri.

Sijakuelewa bado.
Bado navitaka vidole vyangu,
na kesho pengine nitakuja tena na risiti.
Lakini nilishuka hadi kituo cha basi nikiwa nimevikwa,
koti limekaa upande, kola imepanda sikioni,
na upepo wa kilimani ukanipekua, ukanipekua,
usipate pa kuingilia.